Taa ya Kijani Nyuma ya Sikio

Mgeni rasmi aliposhuka kwenye gari lake lisilo na dereva, watoto waliopangwa mstari mbele ya Kituo cha Tulivu waliinua nyuso zao kwa pamoja. Hakuna aliyezungusha vidole, hakuna aliyeziba masikio, hakuna aliyekimbilia kivulini. Mmoja baada ya mwingine walimtazama machoni, wakatoa mkono wa kulia, wakasema, “Shikamoo,” kwa sauti ileile ya upole, isiyopanda wala kushuka. Nyuma ya kila sikio ilikuwapo taa ndogo, saizi ya punje ya mtama, ikiwaka kijani.

Watoto hao wote walikuwa na usonji. Wengi wao, mwaka mmoja nyuma, hawakuwa wamewahi kumwamkia mtu yeyote. Ndiyo maana wazazi waliokaa chini ya turubai walikuwa wakifuta machozi, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba ukiwapulizia vumbi usoni bila mtu kujali.

Sechelela naye alilia. Mwanawe, Lukelo, mwenye miaka sita, alikuwa amesimama wa tatu kutoka mwisho, kavaa sweta la kituo lenye mikono mirefu. Mgeni alimshika mkono, akautikisa kwa nguvu kama watu wakubwa wanavyofanya mbele ya kamera, akamuuliza habari za masomo. Lukelo akajibu, “Nzuri.” Taa yake haikupepesa.

“Yaani we acha tu,” alisema Baba Matika, muuza betri za mitumba aliyekaa kando ya Sechelela, ambaye binti yake alisimama karibu na Lukelo. “Wangu sasa ananiamkia hata nikitoka chooni.” Wazazi wakacheka huku wanalia, na Sechelela akacheka nao.

Kifaa kilichofanya yote hayo kiliitwa kinong'onezi. Kilibandikwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, na kilikuwa na mwenzake, kisomasura, kilichoshonwa kwenye kifungo cha juu cha sweta. Kisomasura kilitazama uso wa mtu aliye mbele ya mtoto, kikapima sauti yake, kikajua huyu ni mkubwa au mdogo, anacheka au amenuna. Kisha kinong'onezi, kwa akili mnemba iliyokuwa ndani yake, kilimwambia mtoto la kufanya: mtazame, mpe mkono, sema shikamoo. Mtoto akitii, alipata mtekenyo mtamu nyuma ya shingo. Akianza kupiga mikono hewani au kuguna kama watoto hawa wanavyoguna, ubaridi ulimteremkia mgongoni mpaka aache. Si maumivu, alieleza mkurugenzi, Daktari Rweyongeza, kila alipoulizwa. Ni ubaridi tu, kama maji ya mtungi. Na taa ya kijani ilikuwa kwa ajili ya watu wengine, ili wajue kuwa mtoto ametulia.

Sechelela alikipigania kifaa hicho kwa jino na ukucha. Alikuwa msimamizi wa roboti za kuvuna zabibu kule Hombolo, na mumewe, Ngimba, alikuwa akitunza mashamba ya umeme wa jua huko Manyoni, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo fedheha ya mtoto asiyeamkia aliibeba peke yake. Walipokwenda Iringa kwenye msiba wa upande wa mume, Lukelo, wakati huo ana miaka minne, hakumpa mzee hata mmoja shikamoo. Alikwenda kulala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji, shavu chini, akaguna. Baba mdogo mmoja akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika mpaka jikoni, kwamba mtoto hana kosa, kosa ni la aliyemlea. Sechelela aliosha vyombo siku ile mpaka vidole vikakunjamana, maana penye vyombo hakuna anayekutazama usoni.

Halafu ikaja Sheria ya Utangamano. Mtoto mwenye usonji angeingia darasa la kwanza katika shule ya wote endapo tu angekaa asubuhi nzima mbele ya mkaguzi na taa yake isizimike. Bila taa, abaki nyumbani. Ikaitwa hatua kubwa. Magazeti yakashangilia.

Na nchi hii imeshangilia hatua kama hizo mara nyingi. Bibi mzaa mama yake Sechelela alifungwa mkono wa kushoto kwa kitambaa darasani, siku nenda siku rudi, ili aandike kwa mkono wa watu wastaarabu. Mama yake bibi huyo alivishwa kibao shingoni kwa kusema Kigogo ndani ya ua wa shule. Na watoto kama Lukelo walifichwa vyumba vya uani wageni walipobisha hodi, wengine mpaka wakakulia humo, wengine mpaka wakafia humo. Wote waliofanya hivyo walikuwa na sauti ya upole. Wote walisema ni kwa faida ya mtoto. Sechelela alizijua habari hizo zote, alisimuliwa utotoni. Ila mtu anaweza kujua habari nyingi za zamani na bado asiitambue ya sasa inapoingia mlangoni kwake imebeba zawadi.

Siku ile ya mgeni rasmi alirudi na Lukelo nyumbani mchana, akiwa anaelea kwa furaha. Nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Bibi Sekinyaga, ameshuka na treni mpya kutoka Iringa kuja kumwona mjukuu aliyeanza kusema. Lukelo alisimama mbele yake, akamtazama, akatoa mkono, akasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba mara tatu, kila mara kwa sauti nyembamba zaidi. Kisha akafanya kama wafanyavyo bibi wote wa kwao: akaushika mkono ule na asiuachie. Akauliza habari za kusoma, akajibiwa nzuri. Za rafiki zako, nzuri. Za mama, nzuri. Naye akampa za Iringa, za mahindi, za mvua, za ng'ombe aliyezaa, za shangazi fulani na mguu wake, huku akiutikisa mkono kwa kila habari. Taa ikawaka kijani muda wote. Jogoo akachinjwa.

Magharibi ilipokaribia, Sechelela alimvua mtoto sweta ili amwogeshe. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, kimebadilika rangi, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Alikigusa kidogo. Mwili wa Lukelo ulishtuka wote, kuanzia kisigino, lakini uso wake ulibaki vilevile.

“Lukelo, baba, umefanya nini?”

“Nzuri,” alisema Lukelo. “Asante.”

Alimtupia tena sweta mabegani, wakatoka pamoja na bibi; hospitali ya mtaa haikuwa mbali. Tabibu wa zamu, kijana mwenye macho yaliyochoka, alisalimiwa vizuri sana na mgonjwa wake, tena kwa mkono uleule uliovimba. Akauminya taratibu, akauliza hapa je, akaambiwa nzuri. Akauliza na hapa, nzuri. Tabibu akaiangalia taa, akauangalia ule uvimbe, akasema huenda ni nyigu. Mtoto mwenye mfupa uliovunjika halali wala hakai, alieleza, na huyu ametulia kabisa.

Ndipo Sechelela alipopitisha kucha nyuma ya sikio la mwanawe, akakibandua kinong'onezi.

Lukelo alitazama huku na huku kama mtu aliyezimiwa redio. Kisha akateremka kitandani, akalala kifudifudi, akaliweka shavu lake kwenye vigae baridi, akaanza kuguna. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa nene, ya chini, imetoka tumboni, na haikusimama hata alipovuta pumzi. Akanyoosha mkono wa kushoto, akautafuta mkono wa mama yake bila kumtazama, akaushika, akauvuta mpaka juu ya kile kifundo kilichovimba, akauacha pale.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya zamani, tangu anatambaa. Tumbo likimuuma, mkono wako anauweka tumboni. Jino likimuuma, anauweka shavuni. Sechelela aliyajua hayo, na alikuwa ameyasahau, kwa sababu tangu mtoto apate kifaa hakuyaona tena, naye akadhani mtoto haumwi.

Picha ya mifupa ilionyesha mfupa umepasuka. Tabibu, sasa akiwa hana usingizi tena, alisema kwamba kwa uvimbe ule mtoto aliumia asubuhi. Kabla ya mgeni rasmi. Kabla ya bibi.

Bibi Sekinyaga alipoambiwa, alikaa kitako kwenye sakafu ya ukumbi wa hospitali na kanga yake ikavuta vumbi. Hakulia. Aliutazama mkono wake mwenyewe wa kulia, akaugeuza kiganja juu, kisha chini.

“Nilimaliza habari za Iringa zote,” alisema. “Zote. Na za shangazi.”

Tangu siku ile kinong'onezi kilikaa kabatini, na Lukelo akakaa nyumbani, mkono ndani ya plasta ngumu. Hakumwamkia mtu. Bibi naye hakurudi Iringa. Aliagiza mkeka, akautandika pale sakafuni ambapo mjukuu wake hupenda kulala, akalala upande wa pili, shavu chini, mwanamke wa miaka yake, na majirani wakaja kuuliza kama ana wazimu. Aliwajibu kwamba anasoma. Alimwambia Sechelela kuwa mtoto anaguna namna tatu, na kwamba ile ya katikati ni ya furaha, na mtu yeyote angeijua kama angefunga mdomo kidogo. Wakaanza kumfundisha taratibu, kwa njia yake mwenyewe: akikuwekea mkono mahali, unamwambia neno la mahali hapo na neno la jambo lenyewe. Tumbo, inauma. Kichwa, kelele. Kifua, nimeogopa. Hakuyasema. Lakini siku moja jirani alipowasha mashine ya kufyeka majani, Lukelo alikuja mbio, akauweka mkono wa bibi yake kifuani na kubaki ameushikilia hapo mpaka mashine ilipozimwa. Bibi akasimulia jambo hilo mtaa mzima kana kwamba mjukuu amepata digrii.

Tulivu hawakukaa kimya. Walituma ujumbe wa pole, wakatuma matunda. Kisha wakakumbusha kwamba ukaguzi wa darasa la kwanza umekaribia, na mtoto asiyevaa kifaa anapoteza mazoea. Mwishowe Daktari Rweyongeza akaitisha mkutano wa wazazi wote, maana habari ya mkono wa Lukelo ilikuwa imeshafika sokoni. Ngimba alipiga simu kutoka Manyoni. Alimsihi mkewe asilete vita. Shule ni shule, alisema. Bila shule mtoto atakuwa nani? Sechelela alikata simu kwa hasira.

Alikwenda na Lukelo mwenyewe, mkono wenye plasta ukiwa umening'inizwa shingoni na kifaa kikiwa ndani ya mkoba. Mlangoni mwa ukumbi alisimama Daktari Rweyongeza, mrefu, shati limenyooka, akiwapokea wazazi kwa mikono miwili.

“Mama Lukelo, karibu sana. Za siku nyingi?”

“Nzuri,” alisema Sechelela.

Neno lilitoka lenyewe. Alikuwa amembeba mtoto aliyevunjika mkono, njia nzima anapanga matusi, na mbele ya mtu anayemtukana moyoni akatoa nzuri, tena na tabasamu juu. Alisikia jinsi lilivyotoka: halikupanda wala kushuka. Mkurugenzi alikuwa ameshageukia mzazi mwingine.

Ukumbini watoto walikaa mbele, taa zao zikiwaka. Wazazi walikaa nyuma. Daktari Rweyongeza alizungumza kwa utaratibu, na hakudanganya. Hilo lazima lisemwe. Alieleza kwamba Lukelo alianguka kwenye ngazi ya bembea kabla ya wageni kufika, na walezi hawakumwona kwa sababu aliinuka mara moja na kurudi kwenye mstari. Mtambo, alisema, haukuharibika.

“Kumbukumbu zinaonyesha mtambo uliona,” alisema. “Mapigo ya moyo yalipanda sana. Kwa kuwa wageni walikuwa karibu, ulitafsiri kwamba mtoto ana wasiwasi wa kukutana na watu. Ukafanya kazi yake. Ukamtuliza.”

“Kwa ubaridi,” alisema Sechelela kutoka nyuma.

“Kwa ubaridi, ndiyo.”

“Mpaka akanyamaza.”

“Mpaka akatulia, Mama Lukelo.”

Watu waligeuka kumtazama. Mkurugenzi aliinua mkono kwa upole, akaendelea kueleza kwamba akili mnemba haikuzaliwa na maneno. Ilifundishwa kwa sauti zilizorekodiwa za Watanzania halisi wakisalimiana masokoni, maofisini, wodini, misibani. Na katika sauti hizo zote mtu akiulizwa habari hujibu nzuri. Mtambo ulijifunza kwetu. Toleo jipya litakuwa na sentensi ya maumivu.

“Hapo hajasema uongo,” alisema Baba Matika. “Mjomba wangu kakatwa mguu, ukimuuliza anakwambia nzuri tu, namshukuru Mungu. Utadhani mguu kauweka benki.”

Ukumbi ukacheka, kicheko cha kupumua. Sechelela akasimama katikati ya kicheko hicho.

“Ni kweli,” alisema. “Hata mimi pale mlangoni nimemwambia nzuri. Sasa naifuta. Si nzuri. Lakini sikilizeni jamani, sisi tukisema nzuri huwa hatujamaliza. Tunavuta pumzi, halafu tunasema ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila tumefiwa. Na anayetuuliza anaisubiri hiyo ila, maana anajua ipo njiani. Hawa wamefundishwa nzuri, halafu ila ikafungiwa kwa baridi. Mwanangu alikuwa na ila yake. Alikuwa anailalia sakafuni. Na mimi niliionea aibu, nikamleta hapa mwondoe.”

Daktari Rweyongeza alisema anaelewa uchungu wa mama. Akasema pia, bila kupandisha sauti, kwamba ukaguzi ni wiki ijayo, na mama asipokirudisha kifaa nyuma ya sikio la mtoto leo, yeye mkurugenzi hataweza kuilinda nafasi ya Lukelo darasa la kwanza.

Hapo ndipo palipokuwa na mambo yote. Sechelela alimtazama mwanawe, aliyekuwa amejilaza kwenye vigae vya ukumbi mbele ya watu wote, sare ya shule ambayo ameshanunuliwa ikiwa nyumbani kwenye mfuko wake. Aliiona miaka mbele: mlango uliofungwa, majirani, Ngimba akikaa kimya kwenye simu. Akatoa kinong'onezi mkobani, akakiweka juu ya meza ya mkurugenzi.

“Usiilinde,” alisema.

Kisha akawageukia wenzake. Aliwaomba jambo moja: wavibandue vifaa vya watoto wao, hapahapa, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai tu, wasikie. Mkurugenzi alisema haishauriwi, watoto wanaweza kushtuka. Hakuhitaji hata kusema. Akina mama walikuwa wameshawafuata wanao kule mbele, wameyafunika masikio ya watoto kwa viganja, kama mtu anavyokinga mshumaa.

“Wako ndiye aliyevunjika,” alisema mama mmoja mwenye kitambaa cha zambarau. “Wangu hajavunjika. Wangu anakwenda shule. Usituletee mkosi wako.”

“Umejuaje kama hajavunjika?”

“Si unaiona taa?”

Wengine wakaitikia. Mmoja akasema kuna wanawake hawawezi kuona heri ya wenzao. Hawa walikuwa wameosha vyombo vilevile kwenye misiba ileile. Kila aliyemtukana alimjua kama anavyojijua. Sechelela aliinama, akamnyanyua Lukelo, na mtoto akauvuta mkono wa mama yake mpaka kifuani kwake. Akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Nyuma yake mkurugenzi alikuwa ameshaanza kueleza habari za toleo jipya.

Alikuwa amefika kizingitini aliposikia viti vikisogezwa. Aligeuka. Baba Matika alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake. Hakuwa anacheka. Alikitafuta kifaa kwa kidole gumba, kinene, cha kubebea betri, akakosea, akajaribu tena, na taa ikazimika.

Matika alikaa vilevile, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Alipepesa macho. Kidevu chake kikaanza kutetemeka, kisha mabega, kisha kiti alichokalia, na sauti ikamtoka, ndefu, ya kilio kilichokuwa tayari katikati. Daktari Rweyongeza alikuja haraka mkono ukiwa mbele, akidai mtoto arudishiwe kifaa, na Baba Matika akamwondoa kwa kiwiko bila kumwangalia. Watoto wengine walitazama mbele. Mama mwenye kitambaa cha zambarau alizidi kuliziba sikio la mwanawe, lakini macho yake hayakuondoka kwa yule msichana.

Baba Matika alimpakata mtoto wake. Alimshika kichwa, akamshika tumbo, akamvua kiatu kimoja, akamvua cha pili, akimuuliza ni hapa, mama, au ni hapa. Matika alilia tu. Baba yake hakujua analia kwa sababu gani, wala alianza lini.